Siku ya Nne ni ya Magoti

Hotuba kwa kikundi cha wapanda milima kinachojiandaa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nashukuru kukaribishwa, na nashukuru zaidi kwamba mmeniita wiki sita kabla ya safari badala ya usiku wa kuamkia safari, kwa sababu mengi yanayomharibikia mtu kule juu huwa yameshaharibika akiwa bado huku chini.

Nianze na swali ambalo kila kikundi huuliza, kwa kuwa linagusa mfuko. Mlima Meru tuupande kwa siku tatu au siku nne?

Anayeuza safari ya siku tatu atawaambia kilele ni kilekile, na hadanganyi. Hesabuni wenyewe. Siku ya kwanza mnatoka lango la Momella, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, mnalala banda la Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili mnalala banda la Saddle, mita 3,570. Usiku wa kuamkia siku ya tatu mnaanza safari ya kileleni, mita 4,566. Hadi hapo wa siku tatu na wa siku nne wamepanda bega kwa bega, wamelala vitanda vilevile na kuvuta hewa ileile. Wengi hudhani siku ya nne ni ya kuuzoesha mwili hewa ya juu. Sivyo. Siku ya nne ni ya magoti.

Wa siku tatu akishagusa kibao cha kileleni alfajiri, inambidi awe langoni Momella jioni ya siku hiyohiyo. Hiyo ni zaidi ya mita 3,000 za kushuka, kwa mwili ambao haukulala na umekuwa njiani tangu saa 7 usiku. Wa siku nne hushuka mita 2,000 na kidogo hadi Miriakamba, anakula, analala, na mita 1,000 zilizobaki anazimaliza asubuhi akiwa na akili yake timamu. Tofauti yao yote iko hapo.

Na kushuka siyo kazi rahisi kama wengi wanavyodhani. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja ndipo unafanya kazi. Ukishuka, unafanya kazi huku ukivutwa, kama breki ya gari lililobeba mzigo, na nyuzinyuzi zake ndogo hukatika. Ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake au keshokutwa. Mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, ukucha wa dole gumba unagonga ngozi ya kiatu mara elfu kadhaa, na wiki moja baadaye unageuka mweusi. Halafu kuna uchovu: mtu aliyechoka hainui mguu sawasawa, na kifundo huteguka pale pale ambapo njia imeanza kuwa nzuri na kila mtu ameanza kupiga soga. Kateni kucha siku mbili kabla ya safari, kazeni kamba za viatu kwenye kifundo kabla ya kushuka, na mkiwa na fimbo za kutembelea zirefusheni kidogo ili zitangulie mguu.

Kama mnataka siku ya kuuzoesha mwili, hiyo ni ya tano: laleni usiku wa pili Miriakamba au Saddle. Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam au Tanga siku moja kabla, siyo anasa.

Sasa tujue tunakokwenda. Hifadhi hii ilianza mwaka 1960 ikibeba jina la Ngurdoto. Mwaka 1967 mlima ukaongezwa na jina likawa Arusha. Kutoka mjini mnashika barabara ya Moshi, mnakata kushoto pale Usa River, na baada ya mwendo mfupi mko lango la Ngongongare. Barabara hiyohiyo huendelea hadi Ngare Nanyuki, na jina hilo msilipite kimyakimya. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka huko kwa nguvu ili ardhi wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulisemea jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtakapokaa Saddle mkitazama kaskazini, ile nyika ya chini ndiyo aliyoisemea.

Mlima wenyewe ni volkano iliyobomoka. Miaka ipatayo 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, mawe na tope vikamiminika kuelekea upande wa Kilimanjaro. Kilichobaki ni kama chungu kilichovunjika upande mmoja: ukingo mrefu uliojipinda, ukuta wa mwamba wa zaidi ya mita 1,000 kwa ndani, na chini yake koni changa ya majivu yenye mita 3,667. Mara ya mwisho ilitikisika mwaka 1910, nayo kidogo tu. Nayasema haya kwa sababu yanawaeleza karibu kila kitu mtakachokiona. Vile vilima vya Momella ni kifusi cha maporomoko yale. Maziwa yamekaa kwenye mashimo ya kifusi. Njia ya kileleni inatambaa juu ya mdomo wa chungu, na ndiyo sababu usiku kuna shimo upande wa kushoto mnakopanda, hata kama tochi hailionyeshi.

Najua wapo kati yenu wasiopanda, wenye watoto au wenye sababu zao. Msijione mnakwenda kusubiri wenzenu. Siku moja chini kule ni safari kamili, ili mradi mfike langoni linapofunguliwa asubuhi, siyo saa 4.

Mkishaingia Ngongongare mtakutana na uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo. Hapo ni pundamilia, nyati, ngiri, na twiga wengi kuliko mnavyotarajia. Simba msiwatafute, mgeni anayekuja hifadhi hii kwa ajili ya simba atarudi amenuna. Chui yupo, lakini ni wa bahati. Baada ya uwanda mnaingia msitu wa Ngurdoto, na huko zimeni injini mkae kimya, macho juu. Mbega, yule mweusi mwenye shuka jeupe mabegani na mkia kama usinga, hula majani, na majani ni chakula kigumu kinachochachuka taratibu kwenye tumbo lake lenye vyumba. Kwa hiyo asubuhi hukaa juu ya matawi yaliyo wazi akiota jua, akipigiana kelele na jamaa wa jirani, kisha mchana kutwa huwa amejilaza ndani ya majani. Atakayepita saa 3 asubuhi atawaona kumi. Atakayepita saa 8 mchana ataambiwa walikuwepo. Mtazameni mkono: hana kidole gumba. Kima ndiye yule wa kijivu mwenye uso mweusi, na ile sauti kama mtu anapiga parapanda mbovu juu ya miti ni hondohondo.

Kreta ya Ngurdoto, yaani shimo la volkano ya zamani, ina upana wa kilomita tatu hivi, na wageni hawaruhusiwi kushuka ndani. Watu hulalamika sana juu ya hilo. Mimi naona ni busara: nyati wa kule chini wanalisha bila gari hata moja, na darubini ya kawaida inatosha. Mzunguko wa ukingo una vituo kadhaa vya kutazamia. Leitong ndicho kilicho juu kuliko vyote, na siku ya anga safi Kilimanjaro nzima iko mbele yenu.

Maziwa ya Momella ni saba, na kila moja lina rangi yake, kwa sababu maji yake hutoka chini ya ardhi yakiwa na magadi ya viwango tofauti, na mwani unaoota humo hutofautiana. Heroe, wale wengi wetu tuwaitao flamingo, hufuata mwani huo, hivyo leo wanaweza kuwa wamejaa Momella Kubwa na mwezi ujao wote wamehama. Muulizeni askari wa langoni wako ziwa gani kabla hamjaanza kuzunguka. Kwenye Momella Ndogo kuna safari za mtumbwi. Vaeni boya la kuokolea muda wote hata kama mnajua kuogelea, pakeni mafuta ya kuzuia jua hadi nyuma ya masikio, na msimlazimishe kiongozi wa mtumbwi asogee karibu na viboko ili mpate picha. Kiboko huzama mbele yenu na hasemi ataibukia wapi.

Wanaopenda kutembea lakini hawataki kupanda, kuna matembezi ya miguu na askari mwenye silaha kwenda maporomoko ya Tululusia, na kwenye ule mkuyu mkubwa uliojifunga kama tao ambalo gari linapita chini yake. Mkuyu wa namna ile huanza maisha juu ya mti mwingine. Ndege hudondosha mbegu kwenye tawi, mizizi inashuka taratibu hadi ardhini, inamzunguka mwenyeji wake mpaka anakufa na kuoza. Lile tao ni pengo lililobaki.

Nirudi kwa wapandaji.

Siku ya kwanza kinachoharibika ni muda. Malipo ya hifadhi ni kwa kadi au kwa namba ya malipo, siyo noti mkononi, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango chake cha shilingi iwapo tu ana kitambulisho. Asiye na kitambulisho anawasimamisha wote. Yapo pia mizigo kupimwa, wapagazi kuandikwa, askari kupangiwa vikundi. Mkifika langoni saa 3 asubuhi mtaanza kutembea saa 4 na nusu. Mkifika saa 6 mtaanza wakati mvua ya mchana inaanza.

Kuna njia mbili za kufika Miriakamba. Ile ndefu inapita kwenye mkuyu, maporomoko ya Maio, kisha Kitoto na ndani ya kreta ya Meru yenyewe, katikati ya miti ya podo na mierezi iliyoning'iniza nyuzinyuzi za kijivu kama ndevu. Ni saa tano au sita kwa mwendo wa utulivu. Ile fupi inapanda moja kwa moja na haina mengi ya kuona kwa mtu anayehema. Pandeni kwa ndefu, shukeni kwa fupi.

Askari mwenye bunduki hayupo kwa mapambo. Chini ya Miriakamba, na hata juu yake kidogo, kuna nyati na tembo, na njia ni nyembamba ndani ya kichaka. Nyati wa kundi akisikia watu huondoka. Wa kuogopwa ni dume mzee anayeishi peke yake, ambaye hulala kichakani na haondoki mpaka mmeshamkaribia. Kwa hiyo tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, nyuma ya askari, pasiwe na pengo la zaidi ya hatua chache. Anayetaka kujisaidia amwambie kwanza, asiingie kichakani kimyakimya. Askari akinyanyua mkono, simameni papo hapo na muache mazungumzo. Akisema rudini nyuma, rudini taratibu mkimtazama mnyama. Mwenye kukimbia anajitenga na kundi na kumnyima askari nafasi ya kufanya kazi yake. Muziki wa spika ndogo, ninawaomba, uachwe nyumbani. Sisemi hivyo kwa ajili ya utulivu wa msitu peke yake: masikio ya askari ndiyo ulinzi wenu wa kwanza.

Siku ya pili ni fupi, saa tatu hadi nne, lakini ni ngazi. Ngazi za mbao na udongo zisizokwisha, kupita Topela Mbogo na Mgongo wa Tembo, hadi miti inakuwa vichaka na vichaka vinakuwa majani. Ngazi humdanganya mtu apande kama anapanda ghorofa. Kipimo ni mdomo: ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, umekwenda kasi. Mkifika Saddle, kuleni, pumzikeni saa moja, halafu pandeni Meru Ndogo, mita 3,820, saa moja hivi kwa mwendo wa pole. Najua kitanda kinavutia. Lakini mwili uliopelekwa juu kuliko mahali utakapolala, kisha ukashushwa, huupokea usiku vizuri zaidi. Wanaoacha Meru Ndogo ndio haohao wanaoamka na kichwa kinachogonga. Na siku ambayo kilele kitawashinda, Meru Ndogo itakuwa angalau mmeipata.

Kula jioni hiyo ni kazi, kwa sababu juu hamu ya chakula hupungua. Wapishi wa mlimani wanalijua hili. Ombeni mtori au supu badala ya wali mkavu. Laleni saa 1 usiku hata kama usingizi hauji.

Usiku wa kilele mnaamshwa karibu saa 6, chai na biskuti, na kati ya saa 7 na saa 8 mnaondoka. Mwendo ni saa nne hadi sita. Kwanza mnapanda hadi Rhino Point, kisha njia inashuka kidogo, jambo linalowaudhi wengi kwa kuwa wanajua watakuja kulipanda tena wakirudi. Hapo kuna miamba inayohitaji mikono, kwa hiyo fimbo zifungwe begini. Baadaye ni majivu na changarawe juu ya ukingo wenyewe, hadi Cobra Point, mita 4,350. Hapo ndipo watu huvunjika moyo. Kilele kinaonekana kimekaribia, nacho bado ni zaidi ya mita 200 za kupanda kwenye mawe, saa nzima au zaidi kwa mtu aliyechoka.

Nina rai moja kwa vikundi vya siku nne, na viongozi wengine hatukubaliani: msiondoke mapema kupita kiasi ili tu jua liwakute kileleni. Jua linachomoza karibu saa 12 na nusu mwaka mzima. Mkiwa Cobra Point wakati huo, mnaiona Kilimanjaro ikitoka kwenye mawingu, umbali wa kilomita 70 hivi, na kivuli cha Meru kikilala upande wa magharibi. Mmepungukiwa nini? Mmelala saa moja zaidi, na mita za mwisho mnazipanda mkiona mnapokanyaga. Ila msicheleweshe zaidi ya hapo, maana mawingu hujaa kreta asubuhi ikisonga, na ukingo ule kwenye ukungu si mahali pa kubahatisha.

Anayeona Rhino Point imemtosha, imemtosha. Akae na mmoja wa viongozi, alione jua, arudi Saddle akanywe chai. Pangeni mapema nani atarudi na nani. Kikundi chenye kiongozi mmoja tu hakiwezi kugawanyika, na hapo ndipo mgonjwa huburuzwa juu kwa sababu hakuna wa kumshusha. Kwa watu wanane, viongozi wasipungue wawili, na watatu ni bora.

Sasa maradhi ya mlima, na hapa naomba simu ziwekwe chini. Saddle kila pumzi ina karibu theluthi mbili ya oksijeni mliyozoea pwani. Kileleni haifiki sita kwa kumi. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na uchovu usio wa kawaida ni dalili za mwanzo. Mwenye nazo asipande zaidi mpaka zimekwisha. Anywe maji, apumzike, na zikizidi ashuke. Dalili mbili hazina mjadala. Ya kwanza ni mtu kuyumba au kuchanganyikiwa: mwambieni atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa ncha ya kiatu kingine, hatua kumi. Akishindwa kama mlevi, ubongo unavimba. Ya pili ni kuhema akiwa amekaa, pamoja na kikohozi, hasa chenye povu: maji yanajaa mapafuni. Hao wote wawili hushushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa 9 usiku na mvua inanyesha, na hawashushwi peke yao. Dawa ya acetazolamide, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kinga cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muoneni daktari kwanza, na mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie. Itawafanya mkojoe mara nyingi na kusikia ganzi vidoleni, msiogope. Ila siyo leseni ya kwenda mbio.

Jambo ambalo vitabu vya wageni hulipita haraka, nasi hatuwezi kulipita, ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima huu kabisa. Na hata yule aliyerithi upande mmoja tu, mzima wa afya ambaye huenda hajui, anaweza kuumia bandama akiwa juu: oksijeni ikipungua, chembe za damu hubadilika umbo na kuziba mishipa. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Kipimo ni cha damu tu, na mna wiki sita. Pimeni wiki hii. Wenye presha, kisukari au pumu muoneni daktari kwa wakati huohuo, na pampu ya pumu ikae mfukoni mwa nguo, siyo kwenye begi analobeba mpagazi.

Vifaa. Wengi mtanunua viatu mitumbani, na hakuna ubaya. Viatu bora vya mlimani vinapatikana huko kwa bei ya sandali mpya. Lakini sikilizeni. Soli nyingi za viatu hivyo zina tabaka la povu kati ya raba na ngozi, na povu hilo huzeeka kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinaonekana kipya, ngozi inang'aa, halafu siku ya pili ya mlima soli nzima inabanduka kama ganda la mkate. Kabla hamjalipa, kunjeni kiatu kwa nguvu mtazame mstari wa soli. Mkiona nyufa au unga, rudisheni. Kisha kivaeni wiki hizi sita, siyo chini ya kilomita 50, pamoja na kushuka ngazi. Na kikundini awepo mtu mmoja mwenye solotepu ngumu na waya laini begini.

Jinzi isije. Pamba ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili. Hali ya hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila mita 1,000, kwa hiyo langoni mtakuwa na fulana na kileleni, alfajiri, maji yataganda. Vaeni tabaka: fulana ya polista inayogusa mwili, sweta la sufu au koti la manyoya ya bandia, na juu koti la mvua lisilopitisha upepo. Glavu jozi mbili, boshori au mzula, soksi nzito za ziada kwa usiku wa kilele tu. Mabandani kuna vitanda na magodoro. Begi la kulalia mnakuja nalo. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani na betri za akiba. Taa ya simu haifai: inachukua mkono mmoja, na baridi humaliza chaji kabla ya Cobra Point. Simu ikae ndani ya nguo, karibu na ngozi.

Maji ni lita tatu kwa siku kwa kila mtu. Usiku wa kilele wekeni chupa kichwa chini ndani ya soksi, kwa sababu barafu huanza juu na kifuniko kitabaki wazi. Mpira wa kunyonyea maji huganda mapema, usiutegemee. Mtaona pia wenyeji wengi wa huku wana meno ya kahawia: maji ya eneo hili yana floridi nyingi itokanayo na miamba ya volkano, na kuchemsha hakuiondoi. Siku nne hazitawadhuru ninyi, bali kuchemsha ni lazima kwa ajili ya vijidudu.

Msimu mmeuchagua vizuri. Septemba anga huwa kavu. Ingekuwa Aprili, ningewashauri muahirishe, kwa kuwa zile ngazi za udongo huwa kama sabuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Leteni ya kitambaa, na takataka zote zirudi langoni, pamoja na karatasi za chooni.

Mwisho ni wagumu, kama wapagazi wa Arusha na Moshi wanavyojiita. Begi lako likizidi kilo 12, punguza wewe, siyo yeye. Kabla ya kuondoka, muulizeni mwenye kampuni mbele ya wagumu wenyewe: watalala wapi, watakula nini, wanalipwa kiasi gani kwa siku, na lini. Tipu gawaneni hadharani siku ya nne langoni, kila mmoja mkononi mwake, siyo bahasha moja kwa kiongozi. Ndiyo faida nyingine ya kulala Miriakamba: mnafika Momella saa 5 asubuhi, hakuna anayekimbilia basi, na kila mtu anaweza kuhesabu.

Maswali sasa. Mwenye swali la viatu aje nacho hapa mbele tukikunje pamoja.